Jinsi ya Kufuatilia Historia ya Mwaridi wa Zamani Ulioko Nyumbani Kwenu

"Hili waridi ni la aina gani, na lilifikaje kwetu?" Hapa Moshi naulizwa swali hilo karibu kila wiki, na mara nyingi linakuja na picha moja tu ya simu: ua limepigwa kwa juu, limejaa kioo kizima. Kwa picha ya namna hiyo siwezi kukupa jina, na nikikupa nitakuwa nakubahatishia. Kwa hiyo nimeziandika hapa hatua ninazozifuata mwenyewe, ili uanze kazi hata kabla hujamtafuta mtu wa kukusaidia.

Kwanza elewa jambo moja. Tanzania haina mwaridi wa asili. Kusini mwa Sahara mwaridi wa porini ni Rosa abyssinica, nao kwao ni Ethiopia na nchi jirani zake. Maana yake, kila mwaridi unaouona Machame, Marangu, Tengeru au Usa River uliletwa na mtu, awe aliubeba kwenye kikapu, kwenye behewa la treni au kwenye kanga iliyoloweshwa maji. Kufuatilia historia yake ni kumtafuta mtu huyo kwanza. Jina la ua linafuata. Wengi wanaanza na jina, na ndiyo maana wanakwama.

Neno "zamani" nalo lina kipimo chake. Wapenda mawaridi duniani huyaita ya kale yale ambayo kundi lake lilikuwepo kabla ya mwaka 1867, mwaka ambao mzalishaji wa mawaridi Guillot wa Lyon, Ufaransa, alitoa waridi liitwalo 'La France'. Mimi kipimo hicho sikishikilii kwa huku kwetu. Mwaridi uliokaa kwenye kihamba kimoja (shamba la ukoo linalozunguka nyumba) tangu kabla ya Uhuru una historia inayostahili kuandikwa, hata kama aina yake ilizalishwa mwaka 1950.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Daftari la karatasi. Simu hupotea na huibwa.
- Simu yenye kamera, rula, na karatasi nyeupe ya kuweka nyuma ya ua.
- Lenzi ndogo ya kukuzia, kama unaweza kuipata.
- Glavu nzito na mkasi wa kupogolea uliopanguswa kwa spiriti.
- Magazeti ya zamani na vitabu vizito vya kukandamizia majani.
- Chupa za maji za plastiki zilizokatwa kitako.
- Ruhusa ya mwenye boma. Ikiwa ua liko makaburini, omba kwa familia yote. Mmoja tu hatoshi.

Hatua ya 1: Ongeza miche kabla ya jambo lolote

Nimeiweka ya kwanza makusudi. Wazee wanatutoka, na siku hizi uzio wa maua unang'olewa ili ukuta wa tofali ujengwe. Unaweza kufika Jumamosi na daftari lako ukakuta shimo la msingi.

Kata kitawi kilichotoka kuchanua, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Ondoa majani ya chini, acha mawili ya juu. Zika theluthi mbili kwenye udongo uliochanganywa na mchanga, mwagilia, funika na ile chupa, weka kivulini. Mwanzo wa masika ni wakati mzuri. Panda vitawi sita au zaidi, kwa sababu si vyote vitashika. Usivute kuangalia kama kuna mizizi. Subiri wiki sita hadi nane. Mche mmoja mwachie mwenye nyumba, mwingine mpe jirani yake anayependa maua.

Hatua ya 2: Hakikisha unafuatilia ua lenyewe

Mawaridi mengi yanayouzwa huwa yamebebeshwa: jicho la aina nzuri limepachikwa kwenye shina la aina nyingine yenye mizizi migumu. Aina nzuri ikifa, shina la chini huchipua na kuchukua nafasi. Familia inaendelea kulipenda ua, bila kujua kwamba si lile alilopanda bibi.

Mwaka mmoja nilihangaika miezi minane na waridi la pinki iliyofifia huko Old Moshi. Nilipitia majina ya Kifaransa mpaka macho yakauma. Mwisho nilipiga magoti nikafukua udongo kwa mikono. Chini kabisa palikuwa na nundu ya mti mkavu, nyeusi, imeoza katikati, na matawi yote mabichi yalikuwa yanatoka chini ya nundu hiyo. Mama mkubwa wa pale alipoiona akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini zamani si yalikuwa mekundu?" Swali ambalo ningemuuliza siku ya kwanza.

Kwa hiyo fukua. Tafuta nundu ya kubebeshea, uangalie matawi yanatokea juu yake au chini. Ukiona vichala vya maua madogo meupe ya petali tano, huenda ni Rosa multiflora. Maua ya petali tano yenye pinki nyepesi yanaweza kuwa Rosa canina, shina lililotumika sana Ulaya. Kama nundu haipo kabisa, furahi: mwaridi wenu yawezekana ulipandwa kwa kitawi, na vitawi ndivyo watu wanavyopeana.

Hatua ya 3: Piga picha na upime

Piga picha nane na zaidi: mti mzima na mtu amesimama pembeni, chipukizi la ua, ua nusu, ua lililofunguka, ua linalozeeka, ua kwa nyuma, jani zima pande zote mbili, miiba, na tunda kama lipo. Piga asubuhi, kivulini. Jua la saa sita hudanganya rangi, hasa nyekundu.

Halafu hesabu petali. Usikadirie, chambua ua moja moja na uandike. Petali 20 na petali 60 ni mawaridi mawili tofauti kabisa.

Sehemu ambayo watu hawaiangalii ndiyo inayosema mengi. Shika kikonyo cha jani, fuata mpaka kinapoungana na tawi. Hapo utaona vijani viwili vyembamba vimeganda pande zote za kikonyo, kama mbawa. Vitazame kwa lenzi. Kingo zake zikiwa nyororo, andika hivyo. Zikiwa zimechanika nyuzinyuzi kama kope za macho, basi damu ya multiflora imo humo, na tayari umepunguza orodha yako kwa sehemu kubwa.

Angalia pia kama ua linainamisha shingo. Mawaridi ya chai, yale yenye asili ya China, mara nyingi shingo zake ni dhaifu na ua hutazama chini. Angalia rangi inavyobadilika: mengi ya Ulaya hupauka juani, yale ya China huelekea kukolea. Kuhusu harufu, nusa asubuhi, andika inakukumbusha nini kwa maneno yako mwenyewe: karafuu, chai kavu, marashi ya msibani, limau. Maneno yako yatakusaidia baadaye kuliko neno ulilolinakili mahali.

Hatua ya 4: Kaa na wazee

Hii ndiyo kazi yenyewe, na haina haraka. Nenda bila daftari mara ya kwanza. Salimia, kaa, kunywa unachopewa. Ua litajitokeza lenyewe kwenye mazungumzo.

Usiulize, "Bibi, mwaridi huu una miaka mingapi?" Atakuambia "mingi," na atakuwa amesema kweli. Uliza kwa kufunga ua na tukio:

- Ulipopata kipaimara, mwaridi ulikuwa hapa?
- Ulipoolewa uliukuta, au ulikuja nao?
- Bendera ya Uhuru ilipopandishwa, mwaridi ulikuwa umefika wapi kimo?
- Mashamba makubwa ya kahawa yalipotaifishwa mwaka 1973, kuna mtu aliyetoka huko na maua?
- Wakati wa vita vya Kagera mwaridi ulikuwepo?

Bibi mmoja wa Machame alinijibu, "Mwanangu, mimi niliukuta. Mama mkwe aliukataza hata mbuzi kupita karibu." Nikamuuliza aliolewa lini, hakumbuki mwaka. Nikamuuliza siku ya Uhuru alikuwa na watoto wangapi. Akasema wa kwanza alikuwa mgongoni. Basi nikaandika: ulikuwepo kabla ya Desemba 1961, na umri wa chini kabisa ukawa umepatikana. Tukarudi kwa mama mkwe. Yeye aliupata wapi? Kwa rafiki yake aliyekuwa akijifunza kushona misheni. Njia ikafunguka kwa swali la tatu.

Waulize wanawake hasa. Wanaume watakusimulia kahawa na mipaka ya kihamba. Maua yalihama kutoka mkono wa mwanamke hadi mkono wa mwanamke, kwa mama mkwe, shangazi, wifi, mwenzake wa kwaya. Uliza pia jina la nyumbani. Wapo wanaosema waridi, wapo wanaosema rozi, na wapo wanaoliita kwa jina la aliyelileta. Jina la namna hiyo liandike kama lilivyotamkwa, usilisahihishe.

Onyo: usimtajie mzee jibu. Ukisema "Wajerumani ndio walioleta, sivyo bibi?" atakubali kwa heshima, na historia yako imeharibika.

Hatua ya 5: Soma mahali penyewe

Ua limepandwa wapi? Mbele ya nyumba ya zamani, kwenye ngazi za kanisa, kando ya barabara ya shamba la walowezi, au kaburini kati ya masale (mimea ya uzio ya Wachaga) na migomba? Kaburi lina tarehe. Tarehe hiyo haithibitishi kwamba ua lilipandwa mwaka uleule, lakini inakupa pa kuanzia.

Kisha weka mahali hapo kwenye historia ya wilaya. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walianza kazi Machame mwaka 1893. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na Arusha ikaipata mwishoni mwa miaka ya 1920. Kabla ya reli, mche ulipaswa kuvumilia safari ya miguu kutoka pwani. Baada ya reli, kuagiza miche kukawa jambo la siku chache. Machi 1916 Waingereza waliichukua Moshi na Arusha, na bustani nyingi zikabadilisha wenyewe. Ua lililo kwenye eneo la misheni na ua lililo kwenye shamba la mlowezi Mgiriki au Mwingereza yana njia tofauti za kufika, hata kama yanafanana.

Hatua ya 6: Bana miaka kwa rangi

Rangi ni kalenda nzuri, kwa sababu baadhi ya rangi zina tarehe ya kuzaliwa.

Waridi la bustani lenye njano kali na vizazi vyake vya rangi ya machungwa vilitokana na kazi ya Pernet-Ducher wa Lyon, aliyetoa 'Soleil d'Or' mwaka 1900. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba waridi la njano kali lenye maua mwaka mzima lililetwa na mmisionari wa kwanza, shuku. Nyekundu ya kuwaka inayokaribia machungwa ni ya baadaye zaidi; 'Super Star' la mzalishaji Tantau, lililoitingisha dunia kwa rangi hiyo, ni la mwaka 1960. Zambarau iliyofifia kama fedha ni ya miaka ya 1950 kuja huku.

Kuna mtego mmoja mkubwa huku kwetu. Mawaridi ya David Austin wa Uingereza yametengenezwa kwa makusudi yafanane na ya kale: ua la duara, petali nyingi, harufu nzito. La kwanza lake, 'Constance Spry', ni la 1961, na 'Graham Thomas' la njano ni la 1983. Umbo la kale peke yake halitoshi kuwa ushahidi.

Tazama pia uchanuaji. Mawaridi mengi ya kale ya Ulaya huchanua mara moja kwa mwaka na hutaka baridi ya kweli, ambayo Moshi haina. Yenye asili ya China huchanua bila kupumzika. Mwaridi uliostawi miaka 70 kwenye mita 900 za Moshi mjini, bila dawa wala mbolea, una uwezekano mkubwa wa kuwa na damu ya China.

Hatua ya 7: Tafuta picha na nyaraka

Anza na sanduku la picha la familia. Picha za harusi na kipaimara zilipigwa mbele ya maua. Picha nyeusi na nyeupe haikupi rangi, lakini inakuonyesha kama ua lilikuwa la rangi nyepesi au ya kukolea, na kama mti ulitambaa ukutani au ulisimama.

Baada ya hapo nenda kwenye picha za misheni. Chuo Kikuu cha Southern California kinahifadhi mtandaoni hazina ya picha za wamisionari iitwayo International Mission Photography Archive, na humo zimo picha za Leipzig kutoka Kilimanjaro na Meru. Ukiandika "Machame" unaweza kukosa. Andika tahajia ya Kijerumani ya wakati ule: Madschame, Moschi, Aruscha, Kilimandscharo. Picha kuu tazama kidogo, kisha kuza pembeni, kwenye vibaraza na njia za kuingilia.

Ukiweza kufika Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa zina mafaili ya wakati wa Wajerumani. Usisahau pia Amani, Usambara, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya kilimo mwaka 1902 na kujaribu mimea mingi ya kigeni. Herbaria ya Taifa, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, iko Arusha. Ukiwa na sampuli iliyokaushwa vizuri kwenye gazeti, una kitu cha kuweka mezani badala ya picha ya simu.

Hatua ya 8: Linganisha majina, polepole

Sasa ndiyo uingie kwenye kanzidata ya mawaridi mtandaoni kama HelpMeFind, uchuje kwa rangi, kundi na miaka uliyopata. Jihadhari: waridi moja huwa na majina mengi. Waridi jeupe la Mjerumani Peter Lambert la mwaka 1901 linaitwa 'Frau Karl Druschki', lakini Waingereza waliliuza kama 'Snow Queen'. Lile la njano lenye kingo za pinki la Meilland, Mfaransa, ni 'Madame A. Meilland' Ufaransa, 'Gloria Dei' Ujerumani, 'Gioia' Italia, na 'Peace' Marekani, lililotangazwa kwa jina hilo Aprili 29, 1945. Ushahidi wa mlowezi wa Kiingereza na wa mmisionari wa Kijerumani unaweza kuonekana unapingana kumbe wanazungumzia ua lilelile.

Picha moja inayofanana si jibu. Mimi nataka vitu saba vikubaliane: idadi ya petali, rangi mwanzo na mwisho, harufu, jani, miiba, uchanuaji, na miaka. Kimoja kikikataa, jina bado halijapatikana.

Hatua ya 9: Lipe jina la muda

Wapenda mawaridi wana desturi nzuri: ua lisilojulikana hupewa jina la mahali lilipookotwa, ndani ya alama mbili za kunukuu, mpaka jina lake halisi lithibitike. Kule Bermuda wanayo mengi ya namna hiyo, kama "Smith's Parish". Basi lenu liite "Kidia Kanisani" au "Tengeru Mtoni", na kibao kiandikwe hivyo. Jina la muda lililo wazi lina heshima kuliko jina la Kifaransa la uongo, kwa sababu la uongo likishaandikwa hunakiliwa na kila anayepewa mche.

Ukikwama

*Vitawi vyote vimeoza.* Maji yalizidi au kitawi kilikuwa kichanga mno. Chukua kilichokomaa, ongeza mchanga, toboa tundu dogo kwenye chupa.

*Wazee wawili wanapingana.* Andika simulizi zote mbili, na jina la kila msimulizi kwa ruhusa yake. Kisha kagua mwaridi: huenda ilikuwa miti miwili, mmoja ukafa.

*Mti mmoja una maua ya aina mbili.* Rudi Hatua ya 2. Tawi moja linatoka shina la chini. Likate pale linapoanzia mzizini. Ukilikata juu litarudi.

*Mwaridi hauchanui kabisa.* Angalia kivuli. Migomba na miparachichi ikikua, mwaridi uliopandwa juani miaka 50 iliyopita sasa uko gizani. Panda mche wako mpya juani, usubiri msimu.

*Ua lina shina refu lililonyooka, halina harufu, na mwenyewe alilipata mjini.* Yawezekana ni kitawi cha maua ya mashamba ya kuuza nje. Hilo ni la miaka ya karibuni. Usipoteze muda nalo.

*Kipimo cha vinasaba kitasaidia?* Kinasaidia tu pale ambapo kuna sampuli ya kulinganishia yenye jina la uhakika. Makusanyo makubwa yapo, kama Rosarium (bustani ya mawaridi) ya Sangerhausen, Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1903 na yenye aina zaidi ya 8,000. Lakini usitie kitawi kwenye bahasha ukakituma. Mimea ikivuka mpaka inahitaji cheti cha afya, na kwa hapa ofisi inayohusika ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, Arusha. Tuma picha na vipimo kwanza.

*Nyumba inabomolewa wiki ijayo.* Kata matawi yabaki sentimita 40, chimba duara upana wa jembe mbili kutoka shinani, ng'oa na udongo wake, funga kwa gunia bichi, uhamishe jioni. Kabla hujaondoka, piga picha mahali ulipokuwa, na ukuta au kaburi la karibu lionekane.